Utafiti wa maji ya Mto Sabaki kwa miaka ijayo: maswali tunayoulizwa kila siku, na zaidi yale ya pesa

Tangu tuanze kulizungumzia jambo hili barazani na kwenye foleni za mitungi, maswali yanayokuja ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie kila siku mpaka sauti ikauke. Mimi ni katibu wa chama kimoja cha watumiaji wa maji upande huu wa Malindi, si mhandisi. Nimejibu kama ninavyomjibu mtu ana kwa ana, na penye msimamo wangu mwenyewe sikuuficha.

Mnataka kutafiti nini? Mto si upo pale, kila mtu anauona?

Upo, na ukipita darajani kwenda Mambrui utauona. Lakini kuuona si kuujua. Tunataka jibu la swali moja: mwaka 2040 au 2050, katika kiangazi kikali, mto utafika Baricho ukiwa na maji kiasi gani, na siku hiyo ni akina nani watakuwa wanayagombea?

Nasema Baricho kwa sababu Malindi inakunywa Baricho. Pale karibu na Lango Baya kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto, na maji yake hupigwa pampu hadi Malindi, Watamu, Kilifi na sehemu za Mombasa. Ule mchanga unatufanyia kazi kubwa, unachuja tope ambalo lingeziba mitambo. Lakini wengi hudhani maji ya kisima ni mengine na maji ya mto ni mengine. Hapana. Mchanga ule hujazwa na mto, na mto ukilala miezi mingi, visima navyo huanza kushuka.

Maji ya kunywa ni kidogo tu. Yatamalizaje mto mzima?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu anayeuliza ana haki. Tupige hesabu kwa mitungi.

Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Miaka kumi kabla yake walikuwa 1,109,735. Tuseme kila mmoja wa hao wa 2019 apewe lita 50 kwa siku, yaani mitungi miwili na nusu ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kaunti nzima itahitaji mita za ujazo 72,700 hivi kwa siku. Mto unaopitisha mita moja ya ujazo kila sekunde hupitisha 86,400 kwa siku. Kwa hiyo kaunti yote, kutoka Mtwapa hadi Marereni, ingetosheka na mtiririko usiofika mita moja kwa sekunde. Si mwingi kwa mto kama huu.

Sasa tuje shambani. Mahindi kwenye joto letu hunywa kama milimita tano za maji kwa siku. Kwa ekari moja hizo ni mita za ujazo 20, yaani mitungi 1,000. Ekari moja ya mahindi hunywa sawa na watu 400. Shamba la mfano la Galana-Kulalu, lililoanza 2014, lilipangwa liwe la ekari 10,000. Likilimwa lote kwa wakati mmoja, ni mita za ujazo 200,000 kwa siku, kabla hujahesabu maji yanayopotea mferejini na yanayopaa na jua. Hiyo ni karibu mara tatu ya maji ya nyumbani ya kaunti nzima. Na ndoto ya mwanzo ya mradi ule ilikuwa ekari milioni moja.

Sisemi watu wasilime. Njaa tunaijua vizuri tu. Nasema kwamba mtu akikuambia shida ya maji ya Malindi ni wingi wa watu, mwulize habari za ekari.

Nairobi inaingiaje katika mto wetu?

Inaingia mlangoni kabisa. Sabaki ni jina la mkiani tu. Huko juu mto unaitwa Athi, unakusanya maji ya upande wa Nairobi, unapita Machakos na Makueni, unakutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga, hapo unaitwa Galana, na ukikaribia kwetu ndipo unakuwa Sabaki.

Kuna jambo hapa ambalo watu hawalitarajii. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hayatoki katika bonde la Athi. Yanatoka bonde la Tana, kwa mfano bwawa la Ndakaini. Yakishatumika, maji taka yanasafishwa Ruai na kumwagwa katika Mto Nairobi, ambao ni mtoto wa Athi. Kwa hiyo wakazi wa Nairobi wakiongezeka, na walifika 4,397,073 mwaka 2019, mto wetu huenda ukaongezewa maji wakati wa kiangazi. Lakini ni maji gani hayo? Utafiti unaohesabu wingi bila kupima usafi utatuletea habari njema ya uongo.

Upande wa Tsavo ni kinyume. Chemchemi za Mzima, zinazolishwa na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu, hazikauki, na ni tegemeo la mto wakati wa jua kali. Mombasa imekuwa ikivuta maji ya Mzima kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kila bomba jipya litakalotandazwa kutoka pale litaonekana Baricho, na litaonekana kiangazi.

Bwawa la Thwake litatusaidia au litatuumiza?

Yote mawili yanawezekana, inategemea nani anashika usukani. Bwawa lile linajengwa pale Mto Thwake unapoingia Athi, kwa pesa za serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na limepangwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Linatakiwa kutoa maji ya nyumbani, ya kilimo na umeme. Likiachilia maji kidogo kidogo kiangazi, Baricho itapumua. Likijazwa mwaka wa ukame bila kuwajali walio chini, tutajua. Halafu kuna tope: bwawa huzuia tope lisishuke. Wavuvi na wenye mahoteli waliochoka kuona bahari ya Malindi ikigeuka rangi ya chai kila masika huenda wakafurahi. Lakini mchanga unaotengeneza fukwe zetu za Sabaki na Mambrui unatoka mto huo huo.

Serikali si ilishapanga haya yote?

Ilipanga. Mpango Mkuu wa Taifa wa Maji wa 2030 ulikamilika 2013 kwa msaada wa Wajapani, na bonde la Athi lilionekana humo kuwa kati ya yenye upungufu mkubwa zaidi nchini. Lakini mpango wa nchi nzima huangalia bonde kama ndege inavyoangalia mji, na tangu wakati huo mambo mengi yamesogea. Tunachotaka ni kushuka chini mpaka Baricho, mwezi kwa mwezi.

Mvua zitaongezeka au zitapungua? Kila mtu anasema lake.

Hata wataalamu wanakuna kichwa. Modeli nyingi za tabianchi zinaonyesha Afrika Mashariki ikipata mvua zaidi baadaye. Vipimo vya ardhini vinaonyesha masika yakidhoofika katika miongo iliyopita. Wamelipa jambo hilo jina la kitendawili, na hakijateguliwa chote.

Sisi tumeyaona mwilini. Kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na masika ya 2024 mafuriko tena. Ndiyo maana utafiti mzuri haukupi jibu moja. Unakupa picha kadhaa: mto ukiwa hivi na mashamba yakiwa hivi, Malindi itapata kiasi hiki. Anayekuletea tarakimu moja tu ya mwaka 2050, mkaribishe chai, lakini usimpe pesa.

Pesa zenyewe zinaenda wapi? Si ni kukaa na kompyuta tu?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapotofautiana na wengi.

Ndiyo, kuna kompyuta. Kuna programu kama SWAT, inayokadiria mvua inavyogeuka kuwa mtiririko, na WEAP, inayogawa maji kati ya watumiaji na kukuonyesha nani atakosa. Mtu aliyesoma vizuri anaweza kuziendesha kwa laptopu ya kawaida. Lakini programu hula vipimo, na ukiilisha vipimo vibovu itakutolea grafu nzuri sana za upuuzi.

Kipimo cha mto ni nini? Kandokando ya maji kunasimamishwa ubao mweupe wenye mistari ya sentimita. Mtu wa pale pale kijijini huusoma asubuhi na jioni, anaandika katika daftari. Ubao unakupa kina tu. Ili kina kigeuke kuwa mtiririko, lazima wapimaji waingie mtoni na kifaa cha kupimia kasi ya maji, waupime mto kutoka ukingo hadi ukingo, mara nyingi, mto ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa. Sabaki nayo haitulii. Kitanda chake ni mchanga, na kila furiko linakitandika upya. Mita moja ya kina kabla ya mafuriko si mtiririko ule ule baada yake. Ukishapima, unarudi kupima tena. (Na usisahau bima ya wapimaji. Viboko na mamba wa Sabaki hawasomi barua ya kibali.)

Kwa hiyo tukiandika bajeti, tunataka fungu kubwa liende kwa vitu vitatu: msomaji wa ubao alipwe kila mwezi bila kukosa, wapimaji warudi mtoni kila msimu kwa angalau miaka mitatu, na visima vya Baricho viwekewe vifaa vya kurekodi kina cha maji. Ripoti, warsha na hoteli vibaki na makombo.

Nina sababu. Miaka ya nyuma timu fulani ilikuja kwetu mwezi wa sita, masika yametoka kwisha, mto umeshiba unanguruma. Walikaa siku mbili, wakapiga picha, wakatuuliza tunakunywa lita ngapi, wakaenda zao. Ripoti sikuiona mpaka miaka miwili baadaye, tena kwa mkono wa mtu wa tatu. Ilisema maji yanatosha. Mzee mmoja wa Jilore nilipomsomea alicheka akasema, "Katibu, hao walimpima mgeni siku ya harusi." Mto hupimwa kiangazi, bwana, unapokuwa umekonda.

Kuna mahali pengine waliofanya hivi?

Wapo wengi. Mfano ninaoutumia ni Mto Colorado huko Marekani. Mwaka 1922 waligawana maji ya mto ule kwa mkataba, wakitegemea vipimo vya miaka ambayo baadaye ilionekana kuwa ya mvua nyingi kupita kawaida. Waligawana maji ambayo mto haukuwa nayo, na mpaka leo wanavutana.

Mwaka 2010 idara ya serikali kuu inayosimamia mabwawa, pamoja na majimbo saba yanayoutegemea mto huo, zilianza utafiti wa pamoja wa maji yatakayokuwepo na mahitaji yatakayokuwepo. Gharama waligawana. Desemba 2012 walitoa matokeo: kufikia 2060, kwa makadirio ya katikati, mahitaji yangezidi maji kwa karibu mita za ujazo bilioni 3.9 kwa mwaka. Hakuna aliyefurahi, lakini kwa kuwa wote walikuwa wametoa pesa, ilikuwa vigumu kwa jimbo lolote kusema hesabu ni za jirani.

Basi ni nani atakayelipa huu wa kwetu?

Hakuna mfuko mmoja, na tusidanganyane kwamba mfadhili atatua Malindi na mkoba. Njia tunazozifuata ni hizi.

Kwanza kaunti. Watu wengi huja kupiga kelele bajeti ikishapita. Kalenda imo katika sheria ya fedha za umma ya 2012: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Utafiti usiotajwa Septemba hauna mama wala baba mwezi wa nne. Kwa hiyo tunakwenda kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma mapema, na tunamsumbua MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, mapema.

Pili, mfuko wa taifa wa sekta ya maji. Sheria ya Maji ya 2016 inautaja utafiti wa rasilimali za maji kati ya mambo ambayo mfuko huo unaweza kuyagharamia, pamoja na kazi za jamii za kutunza vyanzo. Watu hudhani ni wa mabomba na vioski tu.

Tatu, pesa za tabianchi. Mpango wa FLLoCA, unaoungwa mkono na Benki ya Dunia, hupitia kaunti na kamati za wadi. Pesa zake za wadi zinafaa zaidi kwa kazi ndogo: ubao, mafunzo ya wasomaji, vipima mvua shuleni. Mifuko mikubwa ya kimataifa, kama Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, hupitia taasisi zilizoidhinishwa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ni mojawapo hapa Kenya. Hiyo ni safari ndefu ya makaratasi; mtu asiiendee kama ana haraka.

Nne, vyuo. Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Pwani akipewa nauli, vifaa na msimamizi makini, atafanya kazi ambayo kampuni ya ushauri ingetoza mara kadhaa. Hazina ya Taifa ya Utafiti ipo kwa ajili ya watu kama hao, inapotangaza maombi.

Wenye mahoteli na mashamba makubwa wakichangia, hawatanunua majibu?

Hofu hiyo ni ya haki. Lakini anayevuta maji mengi asitoe chochote kabisa, hilo nalo si haki. Tulichokubaliana ni hivi: mchango wowote unaingia katika akaunti moja inayosimamiwa na zaidi ya upande mmoja, hadidu za rejea, yaani karatasi inayosema utafiti utafanya nini na vipi, zinaandikwa na kusomwa hadharani kabla ya mchango kupokelewa, na vipimo vyote ghafi, yaani madaftari yenyewe, vinabaki wazi kwa yeyote. Mwenye shamba akitaka kubishana na matokeo, abishane na daftari.

Tena sheria iko upande wetu kwa sehemu. Sheria ya Maji inatenga kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, ndipo vibali vingine vifuate. Katiba nayo, kifungu cha 43, inataja haki ya maji safi ya kutosha. Shida ni kwamba huwezi kulinda akiba usiyoijua ukubwa wake, na mamlaka inayotoa vibali inahitaji tarakimu hizo kuliko sisi.

Kwa nini tusifanye harambee tu?

Harambee hujenga msikiti na hulipa bili ya hospitali, kwa sababu mtu huona anachochangia. Miaka mitatu ya kumlipa mtu asome ubao haimtoi mtu machozi ukumbini. Mchango mdogo wa wanachama tunaupokea, na una faida moja kubwa: ukienda kwa mfadhili ukamwonyesha kuwa msomaji wa ubao alishalipwa na wenyeji kwa miezi sita, mazungumzo yanabadilika.

Vibali vinahitajika?

Ndiyo. Mtafiti lazima awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, azungumze na mamlaka ya rasilimali za maji kuhusu vituo vya vipimo, na apige hodi kwa chifu.

Mambrui na Gongoni tunahusikaje? Sisi hata bomba hatulioni sawasawa.

Mnahusika kuliko mnavyofikiri. Mto ukiwa na nguvu unaisukuma bahari. Ukikonda, maji ya chumvi hupanda mlangoni kwa mto, na visima vya karibu vinaweza kubadilika. Kwa hiyo utafiti ukiishia Baricho utakuwa umekata mkia wa samaki. Tumeomba upimaji wa chumvi uwemo katika hadidu za rejea, na kifaa chake ni kidogo, kinaingia mfukoni.

Mimi sina pesa ya kuchangia. Nifanye nini?

Leta kumbukumbu. Kama mafuriko ya 1997 yalifika kwenye ukuta wa nyumba ya babu yako na alama bado ipo, tuonyeshe tupime. Kama una picha ya zamani ya mto ikiwa na tarehe nyuma, tutaipiga nakala na kukurudishia. Kama unachota maji mtoni, andika siku ambayo ilibidi ufukue mchanga ili uyapate.

Juzi mama mmoja wa Mambrui alituletea kalenda nne za ukutani, zile za duka zenye picha ya Makka. Kwenye kila tarehe ambayo maji ya kisima chake yalikuwa hayafai kwa chai aliweka nukta kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemtuma. Alisema alikuwa akimwekea mumewe ushahidi, maana mume alikuwa hakubali kununua maji ya boza. Tumezipiga picha zote nne, ukurasa kwa ukurasa, na nukta zake sasa zimo katika jedwali letu, mwezi wa pili na wa tatu zikiwa zimesongamana kama utitiri.